Gunia Likishafika Mlangoni: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kununua Chakula kwa Jumla

Machi 2020, mikahawa, hoteli na shule zilipofungwa katika nchi nyingi kwa sababu ya korona, wauzaji wa jumla waliokuwa wakizihudumia walibaki na maghala yaliyojaa. Wengi wao wakaanza kumuuzia mtu yeyote, hata mwenye jiko dogo la nyumbani. Wakati huohuo rafu za maduka ya rejareja zilikaukiwa unga, hamira na mayai. Barua na majibu yaliyo hapa ni ya siku hizo; barua nyingi ni za watu walioagiza kwa wauzaji hao kwa mara ya kwanza, na jambo moja limejirudia karibu katika zote. Bei ya jumla ni nafuu kwa sababu kazi ya kupima, kugawa, kufunga na kubandika lebo bado haijafanywa. Kazi hiyo imehamia kwako, na sehemu kubwa yake ni ya siku ileile mzigo unapofika.

SWALI: Wahariri, salaam. Dukani hakuna unga wa ngano wa kilo 2 wiki ya tatu sasa, lakini muuzaji wa jumla anao wa kilo 25 tele. Inawezekanaje? Na je, ni unga uleule? Tuko watu 4, nahofia utaharibika kabla hatujaumaliza.
Mwokaji wa nyumbani

JIBU: Ngano haijaisha na viwanda havijaacha kusaga. Kilichokwama ni ufungashaji. Mitambo inayojaza magunia ya waokaji wakubwa ni mingine, na inayojaza pakiti ndogo za dukani ni mingine. Hii ya pakiti ndogo iliwekwa kwa mahitaji ya siku za kawaida. Watu wote walipoanza kuoka kwa mpigo, mitambo hiyo ikafika mwisho wa kasi yake, na pakiti zenyewe za karatasi zikawa adimu. Huku unga wa magunia umelala ghalani kwa kukosa mikahawa ya kuuchukua.

Kuhusu unga wenyewe, usiangalie jina lililoandikwa kwa maandishi makubwa. Majina ya magunia ni ya lugha ya waokaji na hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Tafuta kiasi cha protini. Unga wenye protini asilimia 11 hadi 13 unafaa mikate, kwa kuwa donge lake huvutika na kushika hewa. Wenye asilimia 8 hadi 10 ni wa keki na biskuti, na mkate wake utakaa chini, mzito, hata ukiukanda mpaka mikono ichoke. Soma pia viungo. Magunia ya waokaji mara nyingi huongezwa vitamini C, ambayo huandikwa E300, ili kuimarisha donge. Haina madhara kwako, ila unga huo huumuka tofauti kidogo na uliouzoea, kwa hiyo oka mkate mmoja wa kujaribu kwanza.

Sasa hesabu. Mkate wa kawaida hula gramu 500 za unga. Ukioka 3 kwa wiki ni kilo 1.5, ukiongeza nusu kilo ya matumizi mengine unapata kilo 2. Gunia la kilo 25 litakupa wiki 12 na nusu. Kwa unga mweupe hilo halina shida, kwani mahali pakavu na pa baridi hukaa hata mwaka. Kwa unga usiokobolewa tungekuzuia. Ndani yake mna kiini cha punje chenye mafuta, na mafuta hayo yakikutana na hewa huanza kuharibika. Ndani ya miezi 3 hivi unga hupata uchungu na harufu kama ya rangi ya ukutani iliyokaa sana. Kama unautaka huo, nunua gunia mgawane watatu au wanne.

Usiuache unga kwenye gunia lililofunguliwa. Kilo 25 huchukua takriban lita 45, yaani ndoo mbili za lita 25 zenye mfuniko unaobana, zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au sabuni haifai hata ukiisugua vipi. Adui wa pili ni fukusi, ambao mayai yao huweza kuwamo tayari kwenye gunia lisiloonyesha dalili yoyote. Ukiwa na nafasi kwenye friza, funga unga katika mifuko ya kilo 2 na uigandishe siku 4 kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Mfuko mkubwa zaidi ya hapo ni kazi bure, kwa sababu unga huzuia joto kutoka na katikati hubaki vuguvugu kwa muda mrefu. Ukiutoa, uache ufike joto la chumba ukiwa bado umefungwa. Ukiufungua ungali baridi, hewa ya jikoni itaacha unyevu juu yake na utapata mabonge, kisha ukungu.

Na usimimine unga mpya juu ya ule wa zamani. Maliza ndoo, ioshe, ikaushe kabisa, ndipo ujaze tena.

SWALI: Nimepata hamira ya chembechembe, pakiti ya gramu 500 iliyo ngumu kama tofali. Nitaimaliza vipi? Tena mapishi yangu yote yanataja hamira mbichi.
Msomaji

JIBU: Kwa gramu 7 kwa kila mkate wa nusu kilo ya unga, hiyo ni mikate 70 hivi. Ugumu wa pakiti unatokana na hewa iliyonyonywa; ukiikata tu italegea, na kuanzia hapo hewa na unyevu vinaanza kuila. Toa gramu 50 kwenye chupa ndogo ya kuweka friji. Iliyobaki itie kwenye chombo kisichopitisha hewa, ndani ya mfuko wa pili, uiweke friza. Hapo hukaa mwaka na zaidi. Huna haja ya kuiyeyusha, chota kwa kijiko kikavu na uichanganye na unga moja kwa moja.

Kuhusu mapishi yako: hamira mbichi gramu 21 ni sawa na gramu 7 za hii ya kisasa iliyo laini, inayoingia kwenye unga bila kuloweka. Ile ya chembe kubwa inayolowekwa kwanza ni takriban gramu 9. Ukiwa na mashaka kama ingali hai, tia kijiko kimoja cha chai cha hamira na kimoja cha sukari kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu, ambayo kidole hakiyaogopi. Baada ya dakika 10 lazima uone povu nene. Maji yakibaki yametulia, usipoteze unga wako.

SWALI: Niliagiza kopo 1 la nyanya, wakaniletea makopo 6 ya kilo 2.5 kila moja. Nyama nayo ilikuja na bei iliyozidi ile niliyoiona. Nimeibiwa?
Mteja aliyekasirika

JIBU: Pole sana, ila yaelekea hukuibiwa. Orodha ya muuzaji wa jumla imeandikwa kwa ajili ya wapishi wa mikahawa, na ina lugha yake.

Ukiona "6 x 2.5 kg", bidhaa moja ni katoni nzima, na ile "1" uliyoandika imehesabiwa kuwa katoni moja. Wapo wanaokubali kupasua katoni na kuuza kopo mojamoja kwa bei ya juu kidogo. Uliza kabla ya kuagiza. Nyama, samaki wazima na jibini la bonge huuzwa kwa uzito unaobadilika. Bei unayoiona ni ya kilo, au makadirio tu, na ankara ya mwisho hufuata kile kilichosomwa kwenye mizani siku ya kupakia. Ukiagiza kipande cha kilo 4, usishangae kupata cha kilo 4.6. Andika kwenye oda uzito wa juu unaoukubali. Halafu kuna kodi. Wauzaji wengi wa jumla huorodhesha bei kabla ya kodi, kwani wateja wao wa zamani ni wafanyabiashara. Kuna pia gharama ya usafiri, amana ya kreti, na kiwango cha chini cha oda ambacho humfanya mtu ajaze vitu asivyovihitaji ili akifikie. Hapo ndipo unafuu wote unapoyeyuka. Kama kiwango hicho kinakulazimisha kununua zaidi ya unachokula, tafuta mwenzako wa kuagiza naye.

Kwa vyakula vya kopo, linganisha uzito wa chakula baada ya kumwaga maji, si uzito wa jumla. Kwa kamba waliogandishwa, uzito unaoutafuta ni ule usiohesabu barafu iliyowafunika. Namba kama 16/20 kwenye katoni yao ni idadi ya kamba katika ratili moja, yaani gramu 454, kwa hiyo namba ikiwa ndogo kamba ni wakubwa.

Na hizo nyanya zisikutishe. Kopo lisilofunguliwa linasubiri. Ukilifungua, hamishia nyanya zote kwenye chombo cha kioo au plastiki siku hiyohiyo, kwa sababu asidi yake pamoja na hewa huanza kula bati la ndani na nyanya hupata ladha ya chuma. Friji huzihifadhi siku 3 au 4. Zaidi ya hapo pima gramu 400 kwa kila mfuko, ambacho ndicho kiasi cha kopo dogo linalotajwa kwenye mapishi mengi, uzilaze bapa na kuzigandisha. Kopo lako la kilo 2.5 litatoa mifuko 6 na kidogo cha kupikia jioni hiyo.

SWALI: Wapendwa wahariri, kesho naletewa katoni ya vipaja vya kuku kilo 10 vilivyogandishwa, pamoja na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kilo 5 ambacho hakijagandishwa, kimefungwa kwenye plastiki isiyo na hewa. Friza yangu ni ya lita 100. Nianzie wapi? Jirani aliyeletewa nyama kama hiyo anasema ilikuwa nyeusi na inanuka, akaitupa.
Mama wa watoto 3

JIBU: Mama, anzia leo, si kesho. Toa vitu kwenye friza ili kuku wapate nafasi, kisha washa kitufe cha kugandisha haraka kama kipo. Andaa mizani, mifuko ya friza na kalamu ya wino usiofutika. Dereva anaweza kuuacha mzigo mlangoni akaondoka, kwa hiyo kila dakika unayotafuta mifuko ni dakika ambayo nyama inapata joto.

Mzigo ukifika, angalia vilivyo baridi kwanza. Nyama ambayo haijagandishwa isizidi nyuzi 5 ukiweka kipimajoto katikati ya pakiti mbili au kati ya pakiti na boksi, bila kutoboa kitu. Kuku wawe wagumu kabisa. Boksi lililolowa chini au lenye barafu iliyoganda pembeni kwa mabonge linaonyesha kwamba waliyeyuka njiani wakagandishwa tena. Piga picha papo hapo, umpigie muuzaji kabla hujafungua chochote.

Kuhusu nyama ya jirani yako, inasikitisha, kwa sababu huenda ilikuwa nzima. Nyama iliyofungwa bila hewa huwa ya zambarau iliyokolea, kwani wekundu tuliouzoea huja nyama inapokutana na oksijeni. Ukikata plastiki hutoka harufu kama ya maziwa yaliyochachuka, ambayo ilikuwa imefungiwa humo. Mwaga majimaji, ifute kwa karatasi ya jikoni, iweke juu ya sahani ndani ya friji kwa dakika 15 hadi 30. Nyama nzima itarudisha wekundu na harufu itapotea. Kama harufu imebaki, au nyama inateleza kama yenye kamasi, au ina ukijani, hiyo imeharibika. Na pakiti iliyovimba kama mpira usiifungue kamwe. Irudishe.

Kipande hicho kitakuwa na mafuta na mishipa ambayo bucha wa rejareja angekuondolea. Ukitoa kilo 1 kwenye kilo 5, umebaki na asilimia 80, na bei yako halisi kwa kilo ni bei ya ankara ikigawanywa kwa 0.8, yaani imepanda kwa robo. Linganisha hiyo na bei ya bucha, siyo ile ya kwenye orodha. Mabaki yenyewe usiyatupe: mishipa na vipande vidogo vinatoa supu nzuri, na mafuta yanaweza kuyeyushwa ya kupikia.

Sasa friza, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Friza ya nyumbani imetengenezwa kutunza ubaridi, si kugandisha mzigo. Kipimo salama ni kilo 1 hadi 1.4 ya chakula kisichoganda kwa kila lita 28 kwa siku. Ya kwako ya lita 100 inabeba kilo 4 au 5 tu kwa saa 24. Ukiisukumia zaidi, joto la ndani hupanda, vilivyokuwa vimeganda huanza kulegea, na nyama mpya huganda taratibu. Ikiganda taratibu, chembe za barafu hukua kubwa na kupasua nyuzi za nyama, kisha siku ya kupika inaachia maji na kuwa kavu kama ubao. Gandisha kilo 3 siku ya kwanza, zilizobaki zilale friji, sehemu ya baridi kabisa, mpaka kesho yake.

Funga gramu 500 kwa mfuko, au kiasi cha mlo mmoja wa familia yako, na uilaze mpaka unene uwe sentimita 2 au 3. Mfuko bapa huganda kwa saa chache na huyeyuka kwa haraka vilevile. Ili kutoa hewa huna haja ya mashine: uzamishe mfuko polepole ndani ya beseni la maji ukiacha mdomo juu, maji yatasukuma hewa itoke, kisha ufunge. Hewa inayobaki ndiyo inayoacha madoa makavu ya kijivu juu ya nyama. Tandaza mifuko safu moja hadi iwe migumu, ndipo uipange wima kama vitabu. Andika jina, uzito na tarehe kabla ya kuweka nyama ndani, kwani wino haushiki kwenye mfuko wenye unyevu.

Tumebaki na kuku. Kama umewahi kuuliza kabla ya kuagiza na wakakuambia vimegandishwa kimojakimoja, kazi imekwisha, unachota unavyotaka. Kama ni jiwe moja la kilo 10, usiliweke mezani liyeyuke. Nje kutakuwa na joto la kuzalisha vijidudu ilhali ndani bado barafu. Lililoachwa friji mpaka liyeyuke lote litachukua siku 4 au 5, kwa kuwa kila kilo 2 au 2.5 hudai takriban saa 24, na vipaja vya nje vitakuwa vimekaa laini muda wote huo. Fanya hivi. Tazama kama kuna karatasi za plastiki kati ya safu. Mara nyingi zipo, na safu hutengana kwa kugonga boksi sakafuni. Zisipokuwapo, weka jiwe ndani ya beseni friji usiku mmoja, ng'oa vipaja vilivyolegea vikiwa bado na chembe za barafu, vifunge na kuvirudisha friza. Rudisha jiwe friji, urudie kesho. Kuku aliye na barafu ndani, au aliye kwenye nyuzi 4 kushuka chini, anaweza kugandishwa tena kwa usalama, ingawa atapoteza maji kidogo. Usitumie ncha ya kisu kutenganisha. Kisu huteleza kwenye barafu, na huu si wakati wa kwenda hospitali kushonwa.

Usioshe kuku kwenye sinki. Maji hurusha vijidudu mpaka kwenye vyombo vilivyokauka pembeni. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, vipande vya kuku hubaki vizuri miezi 9, vipande vya ng'ombe miezi 6 hadi 12, na nyama ya kusaga miezi 3 au 4.

SWALI: Muuzaji anauza mayai kwa katoni ya 360 au mayai ya maji, yaani yaliyovunjwa tayari, kwenye paketi ya kilo 1. Kipi bora kwa familia ya watu 5?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Si katoni. Ndani yake mna trei 12 za mayai 30, na mayai hukaa friji wiki 4 hadi 5. Mngelazimika kula zaidi ya 70 kwa wiki. Omba trei 3, au gawaneni katoni nyumba nne. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka. Yakiwa hayajaoshwa kiwandani yana utando unaoziba vitundu vya ganda, na maji huuondoa. Mayai yaliyokuja yakiwa baridi yabaki baridi, kwani yakitoka jasho mezani vijidudu hupata njia ya kuingia.

Ukizidiwa, gandisha, ila bila ganda. Piga mayai mazima taratibu usitie povu, ugawe kwa gramu 50, ambazo ni sawa na yai moja. Ute peke yake hugandishwa ulivyo. Viini peke yake hugeuka kama gundi visipotiwa kitu: kwa kila viini 4 tia nusu ya robo kijiko cha chai cha chumvi, au kijiko cha chai kimoja na nusu cha sukari kama ni vya keki, na uandike kwenye mfuko ni kipi ulichotia.

Mayai ya maji ni mazuri kwa keki na mayai ya kukaanga. Kilo 1 ni mayai 20 hivi. Yameuliwa vijidudu kwa joto, lakini ukifungua paketi una siku 3 tu, friji. Ute wa paketi huchelewa kuumuka ukiupiga na povu lake ni dhaifu, kwa hiyo kwa mapishi yanayosimama juu ya povu tumia mayai ya ganda.

SWALI: Tuko nyumba 6 kwenye jengo moja, tunataka kuagiza pamoja. Tunaogopa mambo mawili: korona na ugomvi.
Wapangaji

JIBU: Korona huenezwa hasa na mtu kwa mtu kupitia hewa. Mashirika ya afya, Shirika la Afya Duniani likiwamo, hayajaona ushahidi kwamba watu wanaipata kwa kula chakula au kushika pakiti. Kwa hiyo hatari yenu iko kwenye kujazana watu 6 chumba kimoja mkipima mchele. Mtu mmoja agawe, mahali penye hewa, amevaa barakoa, na kila nyumba ije kuchukua kwa saa yake. Osheni mikono sekunde 20 kabla na baada. Msioshe mboga kwa sabuni wala dawa ya madoa. Hizo ndizo zinazoumiza tumbo. Maji yanayotiririka yanatosha.

Ugomvi unazuiwa na mizani na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mtu alipe kabla ya oda kutumwa, na mkubaliane mapema nani anabeba upungufu, maana gunia la kilo 25 halitatoa mifuko 25 ya kilo moja kamili. Kiasi kidogo hubaki kwenye kona za gunia na kwenye upawa. Pimeni chombo kitupu kwanza, mtoe uzito wake. Gaweni vitu vikavu tu na vilivyofungwa. Nyama mbichi kila nyumba inunue pakiti yake nzima.

Kuna jambo ambalo karibu kila kikundi hulisahau. Lebo iko kwenye gunia peke yake. Ukishagawa, nyumba tano zina mfuko mweupe usiosema kitu. Mwenye mzio wa karanga, maziwa au ngano hawezi kujua kama kiwanda kimeandika onyo, na muuzaji akitangaza kurudisha bidhaa yenye kasoro hakuna atakayejua ni yake. Piga picha ya lebo nzima, pamoja na namba ya toleo na tarehe ya mwisho, uwatumie wote kabla gunia halijatupwa. Kama kuna nyumba yenye mzio, mfuko wake upimwe wa kwanza, kwa upawa safi.

SWALI: Nina dumu la mafuta ya kupikia lita 20 na kilo 5 za vitunguu saumu vilivyomenywa. Nikivizamisha kwenye mafuta na kuviweka kabatini si vitakaa?
Mpishi wa nyumbani

JIBU: Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Vitunguu saumu hutoka ardhini na mbegu za kijidudu cha botulizimu. Kijidudu hicho hustawi pasipo hewa na pasipo asidi, na ndani ya mafuta umekipa yote mawili. Sumu yake haibadilishi harufu, ladha wala rangi, na inaweza kuua. Mchanganyiko wa vitunguu saumu na mafuta hukaa friji siku 4 tu, au friza.

Kilo 5 zisage na mafuta kidogo, kiasi cha kuloanisha tu, uzitandaze bapa kwenye mifuko na kuziweka friza mara moja, pasipo kupitia mezani. Mafuta huzuia zisigande kama jiwe, unakwangua kijiko kimoja na kurudisha. Ukipenda vizima, vigandishe vizima. Hupoteza ukavu wa kutafuna lakini ladha hubaki.

Dumu la mafuta usilifungue na kulifunga kila siku kwa miezi. Lita 20 zenye nafasi ya hewa juu huanza kunuka mafuta ya zamani. Siku ya kulifungua, jaza chupa safi, kavu, mpaka mdomoni, uzifunge na kuziweka gizani, mbali na jiko, na utumie moja kwa wakati. Soma pia lebo: mafuta ya jumla ya kukaangia mara nyingi yana E900, kitu cha kuzuia povu kwenye karai. Hakina tatizo kwa kula. Tone la maji kwenye chupa ndilo litakalokuletea shida, kwa hiyo chupa ulizoosha zilaze kichwa chini usiku kucha kabla ya kuzijaza.